Amplifaya Ikizima, Pande Anazungusha

Pande alizungusha.

Ninyi mliofunga gazeti wiki iliyopita mkijipa moyo kwamba lile jitu linatisha tu, poleni sana. Taa ya amplifaya iligeuka nyekundu, muziki ukakatika, na Pande akaukamata mpini wa jiriwa, kile chuma cha mezani cha kubania vitu, kwa mikono miwili, akauzungusha kama mtu anayekaza bomba la maji. Kidole kidogo cha Kitinda kilivunjika kwa mlio mkavu. Shoti aliusikia mlio huo kichwa chake kikiwa ndani ya buti la gari.

"Dadaaa!"

Nje, jirani mchomeleaji alikuwa anakata vyuma vya mageti kwa mashine yake. Hata ungepiga yowe la kupasua koo, uchochoro mzima usingekusikia. Milango ya bati ya karakana ya Shoti ilifungwa kwa ndani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Kokoto.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo mezani kwa mwenzio, nakupa kwa kifupi, halafu usinikatize tena. Shoti ni fundi wa redio za magari, mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu, ndiyo maana wakampa jina hilo. Kitinda ni mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki mtoto yule hata kutembea hajajua, na Shoti ndiye aliyembeba, akamlisha, akampeleka shule, akamfundisha kazi. Kokoto ni tajiri wa machimbo ya mawe na malori ya kubebea mawe hayo. Ni mtu wa kupiga kwanza na kuuliza baadaye, na Pande ndilo jitu lake la kazi hizo.

Gari lile lilikuwa la kaka yake Kokoto, marehemu Sauti, aliyependa kuimba kuliko kula. Sauti alipigwa risasi mlangoni kwake, kwa bastola yake mwenyewe. Muuaji hajulikani. Bastola nayo haijaonekana mpaka leo.

Sasa jioni hii ukoo wote unakusanyika kumkumbuka marehemu, na Kokoto ameapa kwamba sauti ya kaka yake itasikika kutoka kwenye gari la kaka yake, katika wimbo aliourekodi siku chache kabla ya kufa. Lakini kila wimbo ukifika kwenye besi, amplifaya inajizima. Kokoto ameshakata shauri kuwa kuna mtu anamnyamazisha marehemu makusudi. Na spika zile zote, amplifaya ile, boksi lile kubwa kwenye buti, vilifungwa na nani? Kitinda.

Ndiyo maana mkono wa kulia wa Kitinda uko kwenye jiriwa.

"Fundi," Kokoto alisema. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, nyundo yake ya kuvunjia mawe imelala mapajani. "Ikizima tena, ni kidole kingine. Vikiisha huku tunahamia mkono wa pili."

"Tajiri, nakuomba..."

"Omba ukiwa unafanya kazi."

Shoti alirudi ndani ya buti. Machozi yalikuwa yanamwagika bila ruhusa, akayafuta kwa kiwiko chenye grisi na kujiongezea uchungu wa macho. Pembeni yake alisimama dereva, mzee mwenye mvi aliyemwendesha Sauti miaka mingi, na ambaye Kokoto alimrithi pamoja na gari. Ndiye aliyekuwa anammulikia tochi.

"Mulika hapa chini, mzee."

"Namulika, mwanangu. Ni mkono tu haunisikii."

Akashika mita ya kupimia umeme. Betri: nzima, ina nguvu za kutosha. Fyuzi kubwa karibu na betri: nzima. Fyuzi za kwenye amplifaya yenyewe: nzima zote. Akagusa mgongo wa amplifaya kwa kiganja. Ilikuwa vuguvugu tu, wala haikuwa na joto la kuifanya ijizime.

"Unapapasa nini?" Kokoto aliuliza.

"Amplifaya haizimi kwa kiburi, tajiri. Inajikinga. Ikiona umeme unapita pasipotakiwa, inajizima yenyewe kabla haijaungua. Natafuta huo umeme unapotoroka."

"Tafuta upesi."

Akaufuata waya wa athi, ule mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Akauvuta. Ukacheza! Moyo wa Shoti uliruka. Bolti ilikuwa imelegea, na chini yake palikuwa na kutu jekundu.

"Nimeipata!" alipiga kelele. "Kitinda, nimeipata! Athi imelegea!"

Kitinda aliinua uso. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kidevuni.

Shoti akasugua kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akarudisha waya, akakaza bolti kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akajitoa kwenye buti.

"Washa, mzee."

Dereva akaingia mbele, akawasha. Taa ya amplifaya ikawaka kijani. Zikatoka kelele ndogo kwenye spika, kisha mtu akakohoa, akacheka, akasema: "Haya jamani, tuanze."

Sauti mwenyewe. Kokoto alisimama. Nyundo ilimteleza mapajani ikaanguka sakafuni, asiione. Kaka yake alianza kuimba polepole, bila ngoma, sauti nene yenye mkwaruzo kidogo, na yule tajiri aliyewahi kumtupa mtu kwenye shimo la mawe alifumba macho akawa anachezesha midomo pamoja na wimbo.

Ubeti wa kwanza ukapita. Taa kijani. Ubeti wa pili. Kijani. Shoti aliuma ngumi yake.

Besi ikaingia. Du!

Kimya.

Nyekundu.

"Ngoja!" Shoti alipiga ukelele. "Ngoja, Pande, usi..."

Pande hakungoja. Kidole cha pili kikaenda, na safari hii Kitinda hakuita dada wala mama, alitoa mlio wa mnyama, akabaki ananing'inia kwenye mkono wake mwenyewe.

Hasira za karibu nilizowaambia, ndizo hizi. Spana ilikuwa bado mkononi mwa Shoti. Akamrukia Pande, akamgonga nayo kwenye goti. Pande alinguruma, akainama, na alipoinama Shoti akampa nyingine sikioni. Damu ikaruka ikachora kwenye bati. Angempa na ya tatu, ila Kokoto alikuwa ameshaokota nyundo yake, na mpini wake ulimpata Shoti mbavuni, akaanguka chali katikati ya mabaki ya nyaya na vifuniko vya redio.

Kokoto akamkanyaga kifuani.

"Unampiga mtu wangu?"

"Nampiga!" Shoti alihema. Alikuwa ameuma ulimi alipoanguka, akaitemea damu pembeni. "Na nikiinuka nitampiga tena! Unataka wimbo au unataka vidole? Chagua kimoja! Kila mkimvunja mdogo wangu mimi mikono inatetemeka, nikitetemeka siwezi kupima, nisipopima haitapona, na ukoo wako utakaa pale jioni unasikiliza inzi!"

Pande alikuwa amejishika sikio. "Tajiri, niruhusu nimnyonge huyu."

"Nyamaza."

Kokoto alimtazama yule mwanamke chini ya kiatu chake. Kisha, msiniulize kwa nini, akacheka. Akauondoa mguu.

"Kaka yangu angekupenda wewe. Inuka. Unataka nini?"

"Nataka kujaribu bila kuzungusha. Na nataka kuuliza."

"Uliza."

Shoti aliinuka kwa kushika bampa la gari. Ubavu mmoja ulikuwa unamchoma kila akivuta pumzi. "Ilianza lini kujizima?"

Kokoto akamgeukia dereva.

"Tangu msiba, mwanangu. Kabla ya hapo ilikuwa inapiga mpaka vioo vya majirani vinacheza. Marehemu alikuwa akirudi nyumbani, mkewe anamsikia kabla gari halijakata kona."

"Na tangu msiba gari limekaa wapi?"

"Nyumbani kwa marehemu, ndani ya geti. Ufunguo ninao mimi."

"Ufunguo unao wewe," Kokoto alirudia, taratibu.

Shoti hakuyasikiliza hayo. Akili yake ilikuwa ndani ya buti tayari. Kitu kilikuwa kizima, kikaanza kuugua siku fulani. Maana yake kuna kitu kiliguswa siku ile. Angeanza na swali hili tangu asubuhi, vidole viwili vya mdogo wake vingekuwa vizima, na alijua hivyo, na kujua hivyo kulimuuma kuliko ubavu.

Akachomoa nyaya zote za spika kutoka kwenye amplifaya. Zote. "Washa, mzee."

Kijani. Muziki hausikiki, ila taa iko kijani, na ikabaki hivyo mpaka dakika kwenye redio zikaonyesha wimbo umeipita besi.

"Amplifaya ni nzima," Shoti alisema. "Haina tatizo lolote. Aliyeifunga hakukosea." Hilo alilisema kwa sauti ya juu, akimwangalia Kokoto. "Ugonjwa uko kwenye spika mojawapo. Mzee, rudia wimbo."

Akarudisha waya wa mlango wa kushoto. Wimbo ukapiga, besi ikaja, ikapita. Kijani. Mlango wa kulia. Kijani. Spika za nyuma ya viti. Kijani! Karakana yote ilikuwa inaimba sasa, na Pande mwenyewe, sikio linavuja damu, alikuwa anatikisa kichwa.

Ukabaki waya mmoja. Wa boksi kubwa la besi kwenye buti.

"Dada," Kitinda alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza azungumze kama mtu tangu waanze. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Vumilia, mdogo wangu. Tumefika."

"Dada, boksi hilo liache. Funga boksi jingine. Lipo lile kubwa kwenye rafu, jipya. Lifunge hilo twende nyumbani."

"Kitinda, nimalizie tu huu waya mmoja..."

"Dada, nakuomba. Liache!"

Shoti alidhani ni maumivu. Nani asingedhani? Akauchomeka waya.

Besi ikapiga mara moja. Du! Taa nyekundu. Pande akashtuka kama mtu aliyeitwa jina, mkono ukarukia mpini wa jiriwa.

"Ole wako!" Shoti alimnyooshea spana. "Nimeipata sasa! Ni boksi! Ndani ya boksi kuna shoti, waya unagusa chuma. Kila besi ikipiga boksi linatikisika, chuma kinagusa, amplifaya inajizima. Nipeni bisibisi."

"Mwanangu," dereva alimnong'oneza, "vitu vya marehemu si vizuri kuvipekua. Sikiliza alivyosema mdogo wako. Weka boksi jingine yaishe."

Kokoto alikuwa na masikio mazuri kuliko mlivyomdhania. "Kaka yangu aliimba na boksi hilo," alisema. "Fungua."

Shoti akalivuta boksi mpaka ukingoni mwa buti, spika inatazama juu. Karakana yake ina desturi yake. Wakishafunga boksi, kila skrubu wanaipaka tone la rangi ya kucha kichwani, ili mteja akirudi na malalamiko wajue kama kuna mkono mwingine uliopita pale. Matone yalikuwepo, mazima, hayajapasuka hata moja. Akayakwangua kwa ncha ya bisibisi bila kuwaza lolote, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akaingiza kucha pembeni mwa spika, akainyanyua.

Ndani kulikuwa na kitambaa cheusi kilichofungwa kwa utepe wa gundi. Joto la buti lilikuwa limeilegeza gundi, kitambaa kikafunguka, na kilichokuwa ndani ya kitambaa kikateleza mpaka kikalala juu ya ncha mbili za nyaya, pale pale zinapoungana na spika.

Bastola.

Shoti aliitoa kwa vidole viwili. Hakujua aiweke wapi. Hakuwa na haja ya kujua, kwa sababu Kokoto alikuwa ameshafika, na ameshaichukua.

Aligeuza mpini. Palikuwa na kipande kimemeguka pembeni.

"Aliiangusha kwenye ngazi," Kokoto alisema. Midomo ilikuwa inamcheza. "Siku aliyoinunua. Nikamcheka sana."

Mchomeleaji wa nje alikuwa amezima mashine yake wakati ule, sijui alikwenda kunywa maji.

"Kwa hiyo hiki ndicho kilichokuwa kinamnyamazisha," Kokoto alisema. "Kilimuua, halafu kikakaa humu kinamziba mdomo."

Akaiweka bastola juu ya meza ya kazi, polepole, kama anaweka yai. Akaokota nyundo. Akamgeukia dereva.

"Ufunguo unao wewe."

"Tajiri, naapa..."

Mpini wa nyundo ulimpata mdomoni. Mzee alianguka na tochi yake, na kabla hajajikunja Kokoto alishamfikia kwa mateke, tumboni, mgongoni, kichwani, na kila teke lilikuja na neno. "Ulikula! Kwake! Ulivaa! Nguo zake! Ulilia! Kaburini! Mbele yangu!" Pande akaja kusaidia, akamnyanyua mzee kwa kola akambamiza kwenye bati mpaka bati likabonyea. Meno yalikuwa sakafuni. Mzee alikuwa anasema "si mimi, si mimi," na kila akisema damu inatoka badala ya maneno.

"Mtamuua!" Shoti alipiga kelele.

"Ndiyo nia yenyewe," Kokoto alijibu. Alikuwa anahema. Kisha akasimama ghafla, akanyoosha kidole. "Lakini sitaki kuua kwa kukisia. Leo ni siku ya kaka yangu. Fundi, wewe ndiye umefungua boksi hili sasa hivi. Nijibu kama fundi. Kabla yako, nani amelifungua?"

Shoti alifumbua mdomo aseme sijui.

Macho yakamwangukia kwenye bisibisi aliyokuwa ameishika. Kwenye ncha palikuwa na unga wa rangi ya kucha.

Zambarau.

Boksi lile lilipofungwa, zamani, karakana ilikuwa inatumia nyekundu. Chupa ya zambarau aliinunua yeye mwenyewe wiki ile ya msiba, nyekundu ilipokauka. Ilikuwa pale kwenye rafu, nyuma ya bati la misumari, na hakuna mtu duniani anayejua kuwa ipo isipokuwa watu wawili. Yeye hakuligusa gari hili tangu Sauti afe. Na fundi wa magari hahitaji ufunguo wa mtu kufungua buti la gari lililo kwenye msiba uliojaa watu.

Akageuka polepole kumtazama mdogo wake.

Kitinda alikuwa anamwangalia. Vidole viwili vimepinda, uso umesawijika kwa maumivu, na bado alikuwa na nguvu ya kutikisa kichwa kidogo. Hapana, dada. Kichwa kile alikinyoa yeye. Macho yale aliyapaka dawa yeye yalipougua. Jamani, mngefanya nini ninyi? Nauliza tu, maana ni rahisi sana kuwa mwema ukiwa umekaa na gazeti.

"Fundi!"

"Halikufunguliwa na fundi," Shoti alisema.

Alijisikia kama ni mtu mwingine anayesema.

"Aliyelifungua hajui kazi. Amefunga ovyo. Ni... ni mtu aliyekuwa na gari mkononi tu."

Kutoka sakafuni mzee alimwinulia uso uliovimba. "Mwanangu?"

Shoti akaangalia pembeni.

"Mfungulie kijana," Kokoto aliamuru.

Pande akalegeza jiriwa. Mkono wa Kitinda ukatoka, Shoti akamkimbilia, akamkumbatia, akaushika mkono ule uliovunjika akaulaza kifuani kwake, akawa analia bila aibu. Alikuwa amempata. Vidole viwili vingeungwa. Mtoto wa mama yake alikuwa mzima, anapumua, ananuka jasho, na hayo mengine angeyauliza baadaye, nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

"Sogea pembeni, fundi," Kokoto alisema.

Alikuwa amechukua bastola kutoka mezani. Alichungulia risasi, zimo. Akaja akasimama mbele ya Kitinda, na mtu yule ambaye hakuwahi kumwomba mtu radhi akainamisha kichwa.

"Nimekuonea, kijana. Vidole vyako amevivunja huyu mzee, si mimi. Mimi nilikuwa mkono wake tu. Haki ya kwanza ni yako." Akamgeuzia mpini. "Mmalize. Halafu twende wote ukamsikilize kaka yangu akiimba."

"Tajiri, mkono wake ni mbovu!" Shoti aliingilia. "Hawezi! Hajawahi hata kuishika!"

"Ataishika kwa kushoto."

Pande akajongea nyuma ya Kitinda na nyundo begani, tahadhari tu. Kitinda aliitazama bastola. Kisha akaipokea kwa mkono wa kushoto, akakisugua kile chuma cha juu kwenye mkanda wa suruali yake, mara moja, kwa nguvu, kikarudi nyuma na kulia kwa kishindo kidogo. Tayari kufyatua. Hakuangalia hata alipokuwa anafanya hivyo. Shoti aliona, na alichokiona kilimuua robo ya roho.

Kitinda akamsogelea mzee. Akamwelekezea kichwani.

"Funga macho, mzee," alimwambia, kwa upole kabisa.

Mzee hakufunga. Wala hakumtazama Kitinda wala bastola. Alikuwa anamtazama Shoti.

"Mwanangu," alisema kwa mdomo uliojaa damu, "nimekukosea nini?"

Hapo ndipo Shoti aliposhindwa. Miguu ilikwenda yenyewe. Alijikuta amesimama kati ya mzee na bastola, mikono ameitanua, ubavu unamchoma, na mdomo unasema maneno aliyokuwa ameyafungia ndani kwa nguvu zake zote.

"Nimedanganya! Tajiri, nimedanganya! Mzee hakulifungua boksi!"

Kokoto aligeuka taratibu. "Umesema?"

"Hakulifungua. Skrubu zilikuwa zimepakwa rangi. Rangi ya hapa. Zilifungwa na mtu wa karakana hii, baada ya msiba."

"Na nani?"

Shoti alivuta pumzi. Alimgeukia mdogo wake ili aliseme jina hilo akimtazama, angalau alisikie kwake, si kwa mtu baki.

Mdomo wa bastola ulikuwa umeshapanda kutoka kwa mzee. Ulikuwa umemgusa yeye kifuani, juu kidogo ya mahali alipokuwa ameulaza mkono uliovunjika sasa hivi. Nyuma ya bastola ile Kitinda hakuwa analia wala kutetemeka.

"Dada, umenilea vizuri mpaka hapa," alisema. "Usiniharibie."